Nani Amezikwa Hapo? Jinsi ya Kusoma Shairi Lililochongwa Bustanini

Nilimwonyesha shangazi yangu picha kwenye simu: majani, kidimbwi, miti miwili mitatu, na jiwe lenye maneno ya kuchongwa. Akavaa miwani, akaivuta simu karibu, akauliza, "Nani amezikwa hapo?" Nikamwambia hajazikwa mtu. Hiyo ni bustani, na hilo jiwe ni shairi. Akanitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Shairi limewekwa majanini, linamsomea nani?"

Swali lake si la kuchekwa. Kila picha za namna hii zinapopita kwenye simu zetu, maneno ya watu huwa yale yale: makaburi hayo, au ushirikina, au wenzetu wana hela na hawana kazi. Na wanaojitokeza kufafanua mara nyingi ndio wanaozidisha giza, maana huwataja Virgil, Poussin na Apollo kana kwamba ni majirani wa mtaa wa pili. Nami nitawataja, lakini kwanza tufungue mlango.

Kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni maandishi yenyewe: maneno machache yaliyochongwa kwenye jiwe, ubao au shaba, kisha yakawekwa mahali palipochaguliwa. Hayana kazi ya kile kibao kinachokwambia mti huu ni mwembe, wala cha "usikanyage majani". La pili ni marejeo ya kale. Wazungu wa Ulaya wanaposema "kale" kwa sauti ya heshima, huwa hawamaanishi zamani yoyote tu. Wanamaanisha Ugiriki na Roma: miungu yao, mahekalu yao, vita vyao na washairi wao. Kwa karne nyingi kijana wa Ulaya aliyepelekwa shule alikaririshwa Kilatini kama mtoto wa chuoni kwetu anavyokaririshwa juzuu. Alipokua, mistari ilikuwa imeshamkaa kichwani. Ukimchongea maneno matatu tu, mengine anajimalizia.

Sasa fikiria kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Chukua kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Ikiwa sandukuni ni nguo. Ikivaliwa jikoni bado ni nguo. Lakini ikivaliwa asubuhi ya siku ya pili baada ya ugomvi, na aliyeivaa akapita taratibu mbele ya mlango wa mtu fulani, mtaa mzima umeshasoma. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mahali, wakati na mpitaji. Maandishi ya bustani hufanya kazi hivyo hivyo: weka jiwe badala ya kitambaa, na badala ya mlango wa jirani weka bwawa, kichaka au kona ya njia. Ndiyo maana picha ya jiwe peke yake haieleweki. Umeonyeshwa kanga iliyokunjwa.

Na sasa nikubali kwamba shangazi hakuwa mbali na ukweli, kwa sababu maandishi mashuhuri kuliko yote katika ukoo huu yanatoka kaburini. Nicolas Poussin, mchoraji Mfaransa wa karne ya 17, alichora wachungaji wanne wamelizunguka kaburi la mawe mashambani. Mmoja amepiga goti, anafuata herufi kwa kidole. Zimeandikwa "Et in Arcadia ego". Picha hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Arcadia ni eneo halisi la Ugiriki, lenye milima na mbuzi, lakini Virgil, mshairi wa Roma, aliligeuza kuwa nchi ya ndoto ambako wachungaji hupiga filimbi na kushindana kwa mashairi mchana kutwa.

Kwa Kilatini maneno yale hayana kitenzi. Ni kama kusema tu "Hata Arcadia, mimi." Mimi nani? Ukisema ni mauti yanayozungumza, maana yake ni: hata huku kwenye raha, nami nimo. Ukisema ni marehemu, maana yake ni: nami niliwahi kuishi Arcadia. Moja ni onyo na nyingine ni majonzi. Watu walivutana kwa muda mrefu, na mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky aliandika makala mwaka 1936 kuonyesha jinsi maana ilivyohama. Kabla ya Poussin, mchoraji Guercino alikuwa ameweka fuvu la kichwa juu ya maneno yale yale, na hapo hakuna ubishi anayesema ni nani. Poussin aliliondoa fuvu mbele ya macho, akaacha kaburi na wachungaji wanaotafakari, na maneno yakaanza kulegea kuelekea majonzi. Sarufi ya Kilatini inapendelea maana ya kwanza. Moyo wa watu ulipenda ya pili.

Msomaji wa Kiswahili hapa hahitaji mwalimu wa Kilatini. Al-Inkishafi inafanya jambo hilo hilo na majumba ya Pate: madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure sasa yanalaza makinda ya ndege. Anasa na kifo vimewekwa kwenye ukuta mmoja, na msomaji anaachwa asimame mbele yake.

Kutoka kwenye picha, mtindo huu ukaingia bustanini kwelikweli, na hasa Uingereza ya karne ya 18. Hapa ndipo siasa inapoanza. Bustani ya Stowe, huko Buckinghamshire, ilikuwa ya bwana mkubwa aliyeitwa Cobham, wa ukoo wa Temple. Kwa Kiingereza jina hilo maana yake ni hekalu, na wenyewe walijua kulichezea: wito wa ukoo ulikuwa mstari wa Zaburi kwa Kilatini, "jinsi mahekalu yalivyo ya kupendeza". Basi wakayajenga mahekalu mpaka yakajaa. Mwaka 1733 Cobham aligombana na kiongozi wa serikali, Robert Walpole, juu ya mpango wa ushuru, akarudi zake mashambani. Hakuandika barua kwa gazeti. Alijenga Hekalu la Maadili ya Kale, zima na zuri, akaweka ndani sanamu za Wagiriki wanne. Karibu na hekalu hilo akajenga Hekalu la Maadili ya Kisasa, ambalo lilijengwa likiwa gofu tangu siku ya kwanza, na ndani yake sanamu isiyo na kichwa. Wageni hawakuhitaji kuambiwa ni nani.

Lakini kijembe ninachokipenda zaidi pale ni cha mstari usiokuwepo. Ng'ambo ya kijito kuna ukuta wenye sanamu za mashujaa wa Uingereza, pamoja na maneno ya Virgil juu ya watu wema wanaokaa peponi: waliojeruhiwa wakipigania nchi yao, washairi, wavumbuzi. Katika shairi la asili kuna mstari mmoja kati yao unaowataja makuhani walioishi kwa usafi. Stowe waliuacha. Mchongaji hakusahau, jiwe halikwisha. Aliyekariri Virgil angefika pale, ulimi ukakosa ngazi, akatabasamu au akanuna kulingana na anavyowaona makasisi wa zama zake. Ni kama mwimbaji anayeimba wimbo ambao ukumbi mzima unaujua, akafika kwenye ubeti mmoja akauruka huku anamtazama mtu wa meza ya mbele.

Stourhead, bustani ya Henry Hoare, tajiri wa benki, ina lugha ya upole zaidi. Unazunguka ziwa. Juu ya mlango wa hekalu dogo mwanzoni mwa njia pamechongwa maneno ya Kilatini yanayosema "kaeni mbali, enyi msiotakaswa". Katika shairi la Virgil hayo ni maneno ya kuhani wa kike, kabla ya Aeneas, shujaa wa shairi hilo, kushuka kuzimu. Aliyeyatambua anajua matembezi yake yamegeuzwa safari, na kweli baadaye njia inamshusha kwenye pango lenye maji. Asiyeyatambua anaona kitu kama kile kibao cha ofisini kwetu, "hairuhusiwi kuingia bila shughuli maalumu", na bado atafurahia ziwa. Nadhani wote wawili wamefanyiwa haki.

Hapo tunafika kwenye dhana ya kwanza potofu, kwamba vitu hivi ni vya wasomi na mwingine akae nje. Inategemea nani anasimama wapi. Mpeleke profesa wa Kilatini Alhambra, jumba la wafalme Waislamu mjini Granada, Hispania, na yeye ndiye atakayekuwa mgeni. Kuta zile za karne ya 14 zimejaa maandishi ya Kiarabu, na yaliyorudiwa kuliko yote ni "wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mtoto aliyemaliza chuo Lamu atayatambua kabla mwongoza watalii hajafungua mdomo. Katikati ya ua kuna chemchemi ya simba kumi na wawili, na kwenye ukingo wa beseni lake pamechongwa beti za Ibn Zamrak, aliyekuwa waziri na mshairi. Anasema maji na marumaru vimefanana hata mtu hajui kipi kinatiririka. Kisha anayafananisha maji yanayojaa na kuzama na mpenzi ambaye kope zimemjaa machozi, naye anayaficha asije akaonwa na mchongezi. Soma hilo huku maji yenyewe yanapita mbele yako! Kwenye ukumbi mwingine ukuta unajitambulisha wenyewe: mimi ni bustani iliyopambwa kwa uzuri. Jengo linasema "mimi", kama kanga inavyosema kwa niaba ya aliyeivaa.

Mtu aliyeufufua ufundi huu katika karne ya 20 aliitwa Ian Hamilton Finlay. Alizaliwa Bahamas mwaka 1925 kwa wazazi wa Uskoti. Alianza na ushairi wa maumbo, ule ambao namna herufi zilivyokaa kwenye karatasi ni sehemu ya maana. Mwaka 1966 yeye na mkewe Sue walihamia Stonypath, nyumba ya shamba kwenye vilima vya Pentland, kusini-magharibi ya Edinburgh. Ni nyika ya upepo, si mahali pa waridi. Walichimba mabwawa na kupanda miti, na katika kupanda mkono wa Sue ulifanya kazi kubwa. Kwa miaka mingi hofu ya kutoka nje ilimfunga Finlay nyumbani, kwa hiyo akaiita dunia ije kwake. Alipofariki mwaka 2006 bustani ilikuwa na kazi za sanaa zaidi ya 270.

Jina la bustani ni Little Sparta, yaani Sparta Ndogo, na lenyewe ni fumbo. Edinburgh hujisifu kuwa Athene ya Kaskazini. Huko Ugiriki ya kale, Sparta ndiyo iliyokuwa hasimu wa Athene. Ni sawa na mtu ajenge kibanda hatua chache kutoka makao makuu ya Yanga pale Jangwani, halafu akiandike mlangoni "Simba Ndogo".

Kwa mfano wa jinsi alivyofikiri, kuna jiwe lenye maneno machache ya Kiingereza yenye maana ya "rudisheni mti" fulani wa nchi za baridi, wenye gome jeupe. Umesimama kati ya miti, unadhani ni mhifadhi wa mazingira anasema. Lakini matawi ya mti huo ndiyo yaliyokuwa yakichapia wahalifu Uingereza, na jina la mti likawa jina la adhabu. Kauli ile ilikuwa kilio cha watu waliotaka viboko virudi. Kwa lugha nyingi hapo ungehitaji ukurasa mzima wa maelezo. Sisi tunahitaji neno moja: "Rudisheni mkwaju." Tumemaliza, na aliyekula mkwaju shuleni ameshacheka.

Jingine. Finlay alitengeneza kwa jiwe umbo la manowari ile ya kubebea ndege za kivita, lakini dogo, kisha likawekwa bustanini liwe meza ya kulishia ndege. Ndege wanatua, wanadonoa, wanaruka. Kiingereza kina neno moja la kiumbe na jingine la mashine, kwa hiyo ilibidi jiwe liviunganishe. Kwetu vyote ni ndege, na fumbo limeshajitegua.

Hapa ndipo dhana ya pili potofu inapozuka: kwamba mtu huyu alitukuza vita. Bustanini kuna maguruneti juu ya nguzo za lango. Kando ya bwawa kuna jiwe jeusi, laini, lililosimama kama la kaburini. Ni umbo la sehemu ya juu ya nyambizi, ile ambayo mabaharia wa Kimarekani huiita tanga, na Uskoti ndiyo nchi yenye kituo cha nyambizi za nyuklia cha Faslane. Finlay alitengeneza pia ile "Et in Arcadia ego", safari hii ikiwa na kifaru cha jeshi mahali pa kaburi. Nadhani ukishaelewa Poussin, kifaru hakikushtui tena. Finlay ameuliza swali la zamani, mauti yako wapi kwenye nchi hii ya raha, akajibu kwa umbo ambalo mauti yalilivaa katika karne yake. Hata Apollo ni hivyo hivyo. Tumezoea kumsikia kama mungu wa muziki, tukasahau kwamba mkononi ana upinde. Finlay alilichora banda la zamani la ng'ombe liwe hekalu la Apollo, na maneno usoni pake yanataja muziki wake, makombora yake na mabinti wake wa sanaa, kwa pumzi moja.

Wala hakuna anayeabudiwa pale, kama kuna mwenye wasiwasi. Apollo kwa Finlay ni kama Sungura na Fisi kwetu: unalitaja jina, na hadithi nzima inakuja nalo.

Hekalu hilo la banda la ng'ombe ndilo lililoleta kizaazaa. Halmashauri ya Mkoa wa Strathclyde ililiona kama jumba la maonyesho na ikadai kodi ya majengo. Finlay akasema ni hekalu, na mahekalu hayatozwi. Tarehe 4 Februari 1983 ofisa wa mahakama alifika kukamata mali, akawakuta wafuasi wa mshairi na waandishi wa habari wanamsubiri, akaondoka mikono mitupu. Mwezi uliofuata walirudi wakachukua kazi kadhaa. Finlay alichokifanya ni kujenga mnara wa kumbukumbu ya vita: tofali, na bamba la shaba lenye umbo la bunduki ya rashasha. Chini ya bunduki akaweka tarehe ile na mstari wa wimbo wa mchungaji katika Virgil, unaoiambia filimbi ianze naye nyimbo za Arcadia. Angalia mtutu wa bunduki hiyo. Una matundu yaliyopangwa kwa mstari. Ni filimbi.

Sijui kijembe kingine kwa mtoza kodi kilichosafiri miaka elfu mbili kabla ya kufika.

Dhana ya tatu ni ya mafundi. Watu wakisikia Finlay mwenyewe hakuwa akichonga mawe, huuliza sasa sanaa yake ni ipi. Alifanya kazi na wachongaji wa herufi kama Michael Harvey, John Andrew na Nicholas Sloan, na majina yao hayakufichwa. Anayejua taarabu hatapata tabu hapo: kuna mtunzi, kuna mpiga ala, kuna mwimbaji, na hakuna anayemwambia mtunzi wimbo si wake kwa kuwa hakuimba. Na mchonga herufi si mnakili tu. Herufi kubwa za Kirumi, zile zilizopo chini ya nguzo ya Trajan mjini Roma, zina sauti ya dola na sheria. Herufi za mlazo zina sauti ya barua. Maneno yale yale, yakibadilishiwa herufi, yanabadilika mzungumzaji.

Uzito nao una lake. Kwenye uwanda wa majani pale Little Sparta yamelala mawe makubwa, kila moja na neno lake, na ukiyafuata unapata kauli ya Saint-Just, mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyekatwa kichwa mwaka 1794 akiwa na miaka 26: mpango wa leo ndio mvurugo wa kesho. Ingekuwa karatasi, ungeisoma kwa sekunde mbili. Pale unaitembea, neno kwa neno, huku ukiona kwamba mawe yenyewe yako kwenye mpango, na kwamba yangeweza kuvurugwa kama mtu angekuwa na winchi. Kondoo hupita kwenye vilima vya pale wakila majani bila kujali serikali gani imeanguka.

Nilimwambia shangazi karibu haya yote, si kwa siku moja. Alisikiliza, akauliza tena lile la mwanzo: kweli katika bustani zote hizo hakuna kaburi hata moja? Ikabidi nirudi Stowe, nyuma ya ule ukuta wa mashujaa, mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Huko kuna kumbukumbu ya Signor Fido, mzaliwa wa Italia. Maandishi yanamsifu kwa mapana na marefu: hakusifia uovu wowote, alikuwa mume mwenye upendo, aliwaona watoto wake wengi wakishika njia njema. Kisha mwishoni jiwe linamgeukia msomaji na kumhakikishia kwamba halina sifa za uongo hata moja, kwa sababu aliyeandikiwa hakuwa binadamu. Alikuwa mbwa.